Namba Isiyotajwa na Kiti cha Kombaini

Kiti cha dereva wa kombaini kilikuwa cha chuma, kimetandikwa gunia lililokunjwa, na kilikuwa juu karibu sawa na paa la ghala. Mimi nilikuwa chini, ndani ya ghala, nashona midomo ya magunia ya mbegu kwa sindano kubwa na kamba ya katani, na kila nilipoinua kichwa nilikiona kupitia mlangoni. Kombaini yenyewe, mashine ya kuvunia ngano, ilikuwa imesimama bandani tangu dereva wake ahamie Arusha. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Ngano ilikuwa imeanza kubadilika rangi kutoka ofisi za shamba mpaka miguuni mwa Mlima Hanang.

Nilikitaka kile kiti. Hilo lilikuwa jambo jipya kwangu, maana hadi wakati ule sikuwa nimetaka kitu kimoja kwa zaidi ya msimu mmoja.

Nilizaliwa upande wa Dongobesh, na shule niliiacha darasa la tano. Watu wakisikia hivyo hulegeza uso, wakisubiri kisa cha kusikitisha, nami huwa sina cha kuwapa. Lori la vitunguu lilisimama karibu na shule kupoza injini. Nikamuuliza utingo lile bomba linapeleka maji wapi. Akanijibu. Nikauliza la pili, nalo akalijibu, na kabla ya la tatu nilikuwa nimeshapanda. Baada ya hapo nilikuwa utingo, nikachota chumvi kwenye ziwa, nikafyatua matofali Balangdalalu, nikamsaidia mchimba visima mmoja aliyekuwa akiimba akiwa chini shimoni ili tujue yu hai. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoielewa kazi inavyokwenda, kisha nyayo zikaanza kuwasha. Ndivyo nilivyofika kwenye shamba la ngano la serikali, na ndivyo ningeondoka, kama si kiti kile.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa kusini, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye jua la saa saba. Asubuhi moja alitukusanya mbele ya banda.

"Kombaini moja haina dereva," alisema. "Wenye vyeti wote wako kwenye matrekta na hawataki kushuka. Nani anaitaka?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama toka chini mpaka juu. "Una cheti cha darasa la saba?"

"Sina."

"Basi una cheti cha nini?"

"Nina hamu."

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hamu haijazi tangi la dizeli," alisema. "Kombaini si punda. Ina vipimo, na vipimo ni hesabu. Jumamosi ya kuanza kuvuna nitakupima hapa hapa, mbele ya watu. Ukipita, utapanda. Ukishindwa, utarudi kwenye magunia yako, na nisikuone tena bandani kwangu na maswali yako. Umenichosha na maswali. Juzi uliuliza kwa nini mkanda wa mashine una mpindo!"

Ni kweli nilikuwa nimeuliza. Na sasa kilichokuwa hatarini hakikuwa kiti peke yake. Nikishindwa, nisingeruhusiwa hata kusimama karibu na mashine, na mtu kama mimi ukimnyima kuuliza umemnyima chakula.

Hesabu nilizokuwa nazo zilikuwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, zote zimeshika kutu kidogo. Nikaenda kwenye kisomo cha watu wazima, kilichokuwa kikifanyika saa za jioni, jua likiwa bado lipo, nyuma ya karakana. Ubao wetu ulikuwa ubavu wa tela bovu, chuma tupu kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki ilipopita juu yake ilitoa mlio uliowakimbiza mbwa. Mwalimu alikuwa binti kutoka Nambis, mchangamfu, mwembamba, aliyefundisha watoto asubuhi na sisi jioni, na alikuwa na desturi ya kuuliza swali kisha kukaa kimya akitutazama kwa furaha, kama mtu aliyekufichia kiatu.

"Nimefikiria namba," alisema siku yangu ya kwanza. "Nikiiongezea tisa, napata ishirini na mbili. Ni namba gani?"

"Mwalimu," nikasema, "si wewe ndiye umeifikiria? Tuambie tu."

"Siwaambii. Itafuteni."

Niliipata kwa kujaribu. Kumi, hapana. Kumi na mbili, hapana. Kumi na tatu! Nilishangaa mwili mzima. Namba ilikuwa kichwani mwa mtu mwingine, hakuitaja, nami nimeitoa humo bila yeye kufungua mdomo. Nilikuwa nimefanya kazi nyingi lakini hakuna iliyowahi kunipa kitu kama hicho. Nikaomba nyingine, na nyingine, mpaka wenzangu wakaanza kuguna.

Siku iliyofuata alinikomesha. "Namba, mara tatu, ongeza arobaini na tano, inakuwa mia tatu na tisini," alisema, akaenda kuwasomesha wengine herufi. Nilijaribu namba moja moja hadi kipindi kikaisha. Niliipata, ndiyo, lakini kila mtu alikuwa ameshakwenda kula.

"Umeipata kwa kupapasa," mwalimu aliniambia akifuta ubao kwa gunia. "Fundi mkuu hatakupa jioni nzima. Lazima ujue njia."

Njia niliijua kutokana na ng'ombe, na kwa kosa langu mwenyewe.

Katika kisomo chetu alikuwamo mzee mmoja mlinzi wa mpaka wa shamba. Alikuwa mfugaji wa bonde lenye shamba letu. Kabla ya ngano alikuwa akichunga palepale penye ngano, na sasa alilipwa kuwafukuza ng'ombe wasiingie, wengi wao wakiwa wa shemeji zake. "Nawafukuza kwa heshima," alikuwa akisema, na baada ya hapo huangalia upande wa ngano. Darasani alidai anakuja kupumzisha miguu, lakini herufi alikuwa akizijua kuliko wengi. Kwa kuwa alikuwa sawa na baba yake, mwalimu hakuweza kumkaripia kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona daftari lako jeupe?"

"Limelala. Usiliamshe."

Jioni moja mwalimu alitaka kutupendeza kwa swali la nyumbani kwetu. Akasema: "Mfugaji ana ng'ombe zizini. Wakazaa, wakawa mara mbili. Kisha rafiki yake akamletea watano awatunze. Sasa zizini wamo kumi na saba. Mwanzo walikuwa wangapi?"

Nilirukia ubao kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeapa kutopapasa. Wamekuwa mara mbili, kwa hiyo nikagawanya kwanza: nusu ya kumi na saba, nane na nusu. Nikatoa watano. Nikaandika jibu kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mistari miwili chini: ng'ombe watatu na nusu.

Kisha mlinzi akainua fimbo yake.

"Kijana," alisema, "huyo nusu ni wa mbele au wa nyuma? Nauliza kwa sababu wa nyuma ndiye mwenye maziwa."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa kupalilia alicheka hadi akajishika kwenye gurudumu la tela. Nilicheka pia, ungefanya nini? Nusu ya ng'ombe wangu ilikuwa pale ubaoni, imepigiwa mistari miwili.

"Haya baba," mwalimu alisema akifuta machozi, "wewe uliyemcheka, jibu."

"Mimi sijibu. Swali lenyewe halina adabu."

"Halina adabu vipi?"

"Kwanza, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo. Hata wangu siwahesabu. Jioni najua nani hajarudi: yule mwekundu wa pembe iliyoinama, au yule mwenye doa jichoni. Ukitaja namba unamwita fisi. Pili, hao watano ni wa rafiki. Nakamua, napata mbolea, lakini si wangu. Kwa hiyo ng'ombe kumi na saba unaowasema hawapo. Na tatu, mwanangu, unasema wote walizaa wakawa mara mbili. Na madume nao walizaa?"

Sasa ilikuwa zamu ya mwalimu kuchekwa, na alijicheka vizuri kuliko sisi. Lakini hakuachia.

"Madume nawaondoa, nimekosa. Wote majike. Lakini baba, hao watano wa rafiki, wamelala wapi usiku?"

"Zizini."

"Wakilia, sauti inatoka wapi?"

"Zizini."

"Basi sijauliza ni mali ya nani. Nimeuliza waliomo zizini."

Mzee alifikiri, akapiga goti lake. "Hapo umenikamata."

Kwetu Dongobesh mambo yalikuwa hivyo hivyo. Baba yangu aliweka mtamba kwa rafiki yake wa upande wa Nambis, na sisi tulitunza dume la mtu mwingine, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize kila kitu. Mtu akipita nyumbani na kutazama zizi, hawezi kujua utajiri wa mwenye nyumba. Nilikua nikiona hivyo bila kuliwaza. Darasa lote lilikuwa limekua hivyo, na ndiyo maana tulikuwa tumeligombania swali ambalo mahali pengine lingejibiwa kimya kimya.

"Na kwa kuwa idadi haitajwi," mwalimu aliendelea, "sisi hatutaitaja. Tutaifunika." Akaandika herufi moja kwenye chuma, yenye mikono miwili na miguu miwili. "Huyu ni eksi. Yeye ndiye ng'ombe wote wa mwanzo. Fisi hamjui."

Mzee aliitazama ile x kwa muda. "Huyo ana adabu," alisema. "Hata akija kuposa kwangu nitamkaribisha maziwa."

Wakati wengine wakicheka, mimi nilikuwa nimeganda kwenye jambo jingine. Ni desturi yangu: watu wanapocheka ndipo swali hunijia.

"Mzee," nikamuuliza, "rafiki akija kuwachukua wale watano wake, unawatoaje wakati zizi limejaa?"

"Kuna shida gani? Wageni hulala mlangoni. Wenyeji huwapiga pembe, hawawaruhusu kufika ndani. Walioingia mwisho wako karibu na mlango. Unafungua, wanatoka wao kwanza."

"Na ndama?"

"Ndama wako ndani na mama zao. Huwezi kutenganisha ndama na mama zao wakati wageni wamekuzibia mlango."

Nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nilifuta ng'ombe wangu watatu na nusu kwa kiganja, nikaandika kumi na saba. Nani aliingia mwisho? Watano. Watoke kwanza. Wakabaki kumi na wawili. Mlango ukawa wazi. Sasa, kabla ya hao nini kilitokea? Waliongezeka mara mbili. Tenganisha: nusu ya kumi na mbili. Sita.

"Sita," nikasema.

"Hakikisha," mwalimu aliniambia, sauti yake ikiwa chini.

Sita mara mbili, kumi na mbili. Ongeza watano, kumi na saba. Hakuna aliyekatwa katikati. Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyekaa siku nzima mbele ya tundu na sasa ameona masharubu ya panya.

Mwalimu alituonyesha namna ya kuliandika vizuri, eksi upande mmoja na namba upande wa pili, na alama ya sawasawa katikati, na kwamba ukiondoa watano upande huu lazima uwaondoe na upande ule, la sivyo umedanganya. Alieleza vizuri sana, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ile alama ya mistari miwili, ambayo shuleni nilidhani inamaanisha "sasa andika jibu", ilikuwa ikisema kitu kikubwa zaidi: huku na huku ni kitu kimoja. Nilikwenda kulala na wazo hilo. Niliamka nalo.

Siku zilizofuata sikuvumilika. Nilitega mafumbo kwa wapakia magunia, kwa dereva wa gari la maji, kwa karani aliyekuja kupima mbegu. Nilikwenda mpaka jikoni kwa mama aliyetupikia.

"Mama shikamoo. Fikiria namba yoyote."

"Marahaba. Nimefikiria."

"Zidisha kwa mbili. Ongeza kumi. Umepata ngapi?"

"Nimepata ugali unaungua. Toka!"

Lakini nilipofika mlangoni aliniita. "Ishirini na sita," alisema bila kugeuka. Nikamwambia alifikiria nane. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akageuka, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Tangu siku hiyo alinitilia mboga nyingi kidogo, na kila mara alikuwa na namba mpya tayari, na kila mara alidai safari hii sitaweza.

Siku chache kabla ya Jumamosi ile, lori la vitunguu lilisimama kwenye njia panda ya shamba. Dereva nilimfahamu. Utingo wake alikuwa ameoa na hataki tena safari.

"Panda twende Singida," aliniambia. "Tutazunguka mpaka Tabora. Hujafika Tabora wewe."

Sikuwa nimefika. Nyayo ziliwasha, siwezi kusema uongo. Nilishika chuma cha mlango wa lori, kilikuwa na joto, na injini ilikuwa ikinguruma chini ya mkono wangu kama inaniita.

"Jumamosi nina mtihani," nikasema.

"Wewe? Mtihani?" Alicheka mpaka akapiga honi kwa kiwiko. "Mtihani wa nini?"

"Wa kitu kisichojulikana."

Akatikisa kichwa, akaondoka, na vumbi lake lilichukua muda mrefu kutulia. Nilibaki barabarani nikijishangaa. Kisha nikarudi ghalani nikitembea haraka, nikimtoa aliyeingia mwisho kutoka kwenye kila fumbo nililoweza kulitunga.

Jumamosi fundi mkuu alifungua boneti la trekta bovu, akaliweka chini na kuniambia niandikie hapo kwa chaki. Watu walikuwa wamejaa. Mwalimu alikuja na mwavuli, mlinzi alikuja na fimbo, mama wa jikoni alikuja na mikono yenye unga na kusema amepita tu.

Mafumbo mawili ya kwanza niliyamaliza haraka, na nadhani haraka hiyo ilimchukiza fundi. Alivuta kofia yake usoni.

"La tatu," alisema. "Kombaini ilikuwa na dizeli lita kadhaa. Ukaongeza lita arobaini. Ukaenda kuvuna, ikatumia nusu ya dizeli yote. Ukapima, ukakuta zimebaki lita tisini. Mwanzo zilikuwamo ngapi?"

Mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Toa kwanza, gawanya baadaye. Ndivyo mafumbo yangu mengi yalivyokuwa yamekwenda. Nikaandika tisini, nikatoa arobaini, nikapata hamsini. Chaki ilikuwa tayari kuzidisha kwa mbili, kwa kuwa ilitumika nusu. Nilisikia mtu nyuma akinong'ona kwamba nimeshapata.

Lakini zile hamsini hazikunikalia vizuri. Niliziangalia. Nikajiuliza: hizi lita arobaini, ndizo zilizoingia mwisho? Hapana. Kilichotokea mwisho ni kuvuna. Nusu iliondoka mwisho. Nilikuwa nawatoa wageni wakati mlangoni amesimama mtu mwingine kabisa.

Nikafuta.

"Mbona unafuta?" fundi aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha. "Umekwama?"

"Sijakwama, fundi. Nilikuwa natoka kupitia ukutani."

Mzee alikohoa kikohozi kilichokuwa kicheko. Nikaanza upya. Tisini ni nusu, kwa hiyo kabla ya kuvuna zilikuwa mia moja na themanini. Ndani ya hizo zimo arobaini nilizoongeza. Zitoke. Mia moja na arobaini.

"Mia moja na arobaini," nikasema.

"Rudi mbele," fundi aliamuru. "Toka mwanzo uje mwisho."

"Mia moja na arobaini. Naongeza arobaini, mia moja na themanini. Navuna, nusu inakwisha. Tisini."

Alichukua chaki mkononi mwangu. Aliandika mwenyewe, polepole, midomo ikicheza, akafika tisini, akaiangalia. Nilisikia upepo ukipita kwenye ngano. Kisha akavua ile kofia. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, na hakuna mtu pale aliyekuwa akijua.

"Panda," alisema. "Na ukiwa na swali, uliza kabla ya kuvuta kitu, si baada."

Mwalimu alipigapiga mwavuli kiganjani badala ya makofi. Mama wa jikoni alipiga vigelegele na kuniacha na unga begani.

Nilipanda ngazi. Fundi alipanda nyuma yangu, akasimama pembeni akishikilia chuma. Aliniambia gia, nikashika gia. Aliniambia shusha kisu, nikashusha. Mashine ile kubwa ilitikisika, ikatoka bandani, ikaingia kwenye ngano, na mabua yakaanza kulala mbele yangu kwa upana ambao mtu wa panga angeumaliza kwa nusu siku. Nilimwona mlinzi akinyoosha fimbo kutuonyesha njia kana kwamba tungeweza kupotea. Nikauliza lile pedali dogo la kushoto ni la nini. Fundi akaniambia. Nikauliza na la pembeni yake. Akaniambia. Nami nilipokuwa nikitafuta swali la tatu, mguu wangu wa kulia ulikuwa ukizidi kukandamiza.

"Punguza!" fundi alipiga kelele juu ya ngurumo, kofia imemtoka mkononi na kupeperukia shambani. "Punguza, wewe! Ngano haikimbii!"